Habari ya Pili ya Kiwanda cha Chipu

Habari za Jamhuri ya Tutafika ni njema. Naanza hivyo kwa sababu huko ndiko adabu inakoanzia. Mtu wa Tutafika ukimpigia hodi ukamwuliza habari, atakujibu njema, hata kama paa limeng'oka na mgonjwa anakoroma chumba cha pili. Utapewa kiti, utapewa chai, mtazungumza mvua na ndoa za watu. Ukiaga, mwenyeji atainuka akusindikize, na mkifika njia panda ndipo atakapokohoa kidogo na kukupa habari ya pili: kwamba paa liling'oka, kwamba mgonjwa hana siku nyingi. Kumpa mgeni habari hiyo akiwa bado na kikombe mkononi ni ukosefu wa malezi. Lakini kumsindikiza mpaka njia panda kisha ukamficha ni dhambi kubwa zaidi, na wazee wanasema anayefanya hivyo hazikwi na majirani.

Ni desturi nzuri. Ina dosari moja ndogo: viongozi wa Tutafika hawasindikizwi. Huja na ving'ora na huondoka na ving'ora, na hajatokea mwenyeji wa kukimbia sambamba na gari la waziri. Kwa hiyo serikali yetu hupata habari ya kwanza tu tangu siku ya uhuru, na ndiyo maana ni serikali yenye furaha kuliko zote katika ukanda huu.

Sasa, siku moja Mtukufu Baba Kinara, Taa Isiyozimika, alirudi kutoka mkutano wa majirani akiwa amenuna. Rais wa nchi ya pili alikuwa amemwonyesha picha ya kiwanda cha chipu, vile vidude vinavyofikiri ndani ya simu, na alikuwa amesema "nanomita", kipimo cha vitu visivyoonekana, mara kadhaa bila kujikwaa ulimi.

"Chipu inatengenezwa kwa kitu gani?" Baba Kinara aliwauliza mawaziri.

"Kwa mchanga, Baba."

"Sisi mchanga tunao?"

"Tunao, Baba, mpaka machoni."

"Basi kazi imekwisha. Imebaki kujenga tu."

Bunge lilijadili jambo hilo kwa uzito. Mbunge mmoja alisimama akasema kwamba kwa taifa kubwa kama hili kutengeneza kitu kisichoonekana kwa macho ni aibu, akapendekeza chipu za Tutafika ziwe saizi ya sinia, ili mwananchi aione kodi yake. Alipigiwa meza kwa muda mrefu. Ikaundwa Wizara ya Vitu Vidogo Sana, akakabidhiwa Mheshimiwa Tondoo, mtu ambaye hupita mlangoni kwa ubavu. Mheshimiwa Tondoo alichagua mahali pa kiwanda kwa kufuata vigezo vya kitaalamu: jimboni kwake, kando ya machimbo ya kokoto ya shemeji yake, ambako baruti hulipuliwa kila siku wakati wa chai ya saa nne.

Wa kuendesha kiwanda aliletwa kutoka ughaibuni, Mwalimu Kaniki, mzee aliyefanya kazi hiyo kwa watu mpaka akaota mvi. Msaidizi wake alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, Mhandisi Sikudhani, mwanamke mwembamba, mwepesi wa kukunja uso na mzito wa kusema. Hadithi hii ni yake.

Siku ya kwanza kabisa Mwalimu alimpeleka mbele ya kioo cha Chumba Safi, ambamo watu walifanya kazi wakiwa wamefunikwa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni, macho tu nje.

"Tazama, mwanangu," alisema. "Kisahani kimoja cha silikoni, ambacho mwishowe kinakatwa chipu nyingi, kinapita mamia ya mikono. Kinaoshwa, kinapakwa, kinamulikwa, kinachomwa, kinaoshwa tena, miezi inapita. Kila mkono ukikosea kidogo, kosa ambalo jikoni ungelisamehe, mwisho wa safari huna kitu. Punje ya vumbi usiyoiona wewe, kwa chipu ni jabali limeangukia mji. Wakubwa wanadhani kazi hii ni ya mashine. Mashine zinauzwa, ukiwa na pesa unaletewa. Kazi yenyewe ni kuambiana ubaya mapema."

Naye alijua amekuja nchi gani. Hakuwauliza wafanyakazi habari wakiwa mezani. Zamu ikiisha, alimwambia mmoja mmoja, "Haya, nisindikize." Wakatembea polepole mpaka getini, na pale getini mtu akakohoa kidogo. Leo nilipiga chafya nikiwa nimeshika kisahani, Mwalimu. Leo asidi ilikaa zaidi, nilikuwa nawaza mtoto. Mzee akawashukuru kama watu waliomletea zawadi, wala hakumkaripia hata mmoja. Kesho yake kosa lile lilirekebishwa. Baada ya miezi, katikati ya visahani vilivyooza vyote, vilianza kupatikana vilivyooza nusu. Sikudhani aliviangalia kwa hadubini akacheka peke yake kwa furaha.

Ndipo Mheshimiwa Tondoo alipokuja kunywa chai.

Baruti ililipuka machimboni, vikombe vikacheza mezani, na huko Chumba Safi kazi ya wiki nyingi ikaharibika, hata vile visahani vilivyooza nusu, kabla kimoja hakijamaliza safari. "Ehe, Mwalimu," alisema waziri akipuliza chai yake, "habari za kiwanda?" Mwalimu Kaniki, labda kwa kukaa mno ugenini, labda kwa uchungu, alimjibu: "Mbaya. Hamisha machimbo, Mheshimiwa, au hamisha kiwanda."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwa waziri.

Mahakama haikuchelewa. Mzee alipatikana na hatia ya kumpa mgeni wa taifa habari ya pili kabla ya chai kwisha, akafungwa mpaka chipu itakapopatikana. Baba Kinara, ambaye huruma yake inafundishwa mashuleni, aliongeza neno kwa mkono wake: chipu moja tu ya Tutafika ikiwaka Siku ya Fahari, mzee atoke siku hiyo hiyo. Isipowaka, msaidizi wake aende akamsaidie.

Sikudhani alikwenda kumwona gerezani. Kulikuwa na uzio wa waya uliokata uwanja mpaka kwenye ukuta wa mwisho, wafungwa upande huu na wageni upande ule. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, koti limemzidi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za humu?"

"Njema. Njema kabisa." Alikohoa, kikohozi kirefu kilichomwinamisha, akafuta mdomo kwa kiganja na kukificha kiganja. "Visahani vinasemaje?"

"Vinaendelea vizuri, Mwalimu."

Saa ya kuaga ilipofika mzee alijitahidi kuinuka amsindikize, japo kwa kufuata waya. Askari akamgusa bega. "Kaa, mzee. Sheria ya gereza, mfungwa hasindikizi mgeni." Akakaa. Sikudhani aliondoka peke yake mpaka barabarani bila kuambiwa kile kikohozi kilikuwa cha nini, na alilia njia nzima, kwa sababu alikuwa mtu wa Tutafika na alijua kuna neno limebaki kule nyuma.

Alirudi kazini akakuta kiwanda kingine. Baada ya ile kesi hakuna aliyetaka kumsindikiza mtu. Alisimama getini kila zamu ilipoisha, na wafanyakazi wakatokea upande wa nyuma, wakipita palipotoboka ua.

"Habari za kuosha?" aliwauliza ndani.

"Njema, Mhandisi."

"Za kupaka?"

"Njema."

"Za mwanga?"

"Njema sana, tunamshukuru Baba Kinara."

Mamia ya mikono, yote njema, na visahani vikitoka vimekufa vyote. Kosa lilikuwa mahali fulani katikati ya watu wale, huenda makosa kumi, na kila mmoja alilijua lake na alilibana kwapani. Sikudhani alianza kuamka usiku wa manane akihesabu siku. Siku ya Fahari ilikuwa inakuja kama mdai.

Serikali ilimsaidia kwa nguvu zake zote. Umeme ulipokatika kisahani kikiwa tanuruni, Shirika la Umeme lilifafanua kwamba haukukatika, ulipepesa. Maji, ambayo kwa kazi hii hutakiwa kuwa safi kupita ya mvua, Idara ya Maji iliyathibitisha kuwa safi kwa asilimia mia moja na nne, ingawa chini ya mtungi alilala kiluwiluwi. Kuhusu vumbi, iliundwa Kamati ya Kitaifa ya Kutokomeza Vumbi, ikazinduliwa mbele ya kiwanda kwa ngoma za mikoa yote, na wingu lililotimuliwa na wachezaji siku hiyo liliziba jua.

Kundi la mwisho la visahani lilitoka siku chache kabla ya sherehe. Sikudhani alipima chipu moja moja kwa mkono wake. Kwenye meza kulikuwa na kitaa kidogo cha kijani ambacho chipu nzima ingekiwasha. Alipima za kisahani cha kwanza, cha pili, akaendelea mpaka cha mwisho. Kitaa hakikuwaka hata mara moja. Akakaa sakafuni na zile nguo zake nyeupe, akashika kichwa.

Mheshimiwa Tondoo alimkuta ofisini, akafunga mlango kwa mgongo.

"Mama, mbona unajitesa?" Alitia mkono mfukoni akatoa kitu kidogo cheusi, akakiweka mezani kwa ncha ya kidole. "Ya gari la kuchezea la mjukuu wangu. Limevunjika, lakini akili yake nzima. Chipu ni chipu."

"Mheshimiwa, hii si yetu."

"Imekaa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Mfuko wa nani, si wa Tutafika?" Akapunguza sauti. "Sikiliza, binti yangu. Kesho kutwa Baba anabonyeza, taa inawaka, mzee wako jioni analala kitandani kwake. Wewe nakuomba kitu kimoja tu, unyamaze. Kunyamaza nako ni kazi?"

Sikudhani alimfikiria Mwalimu kwenye lile benchi. Akafikiria kiganja alichokificha. Alikichukua kile kidude akakifungia kwenye kabati la Chumba Safi, na hakusema ndiyo wala hapana.

Siku ya Fahari Baba Kinara alifika na bendi tatu. Mgogoro wa kwanza ulikuwa mlangoni. Ili kuingia Chumba Safi ni lazima upite kijichumba cha upepo, kibanda chembamba chenye milango miwili ya chuma. Ukiingia, mlango wa nyuma unajifunga, feni zinakupuliza vumbi lote, na wa mbele haufunguki mpaka zimalize. Kinachukua watu wawili. Walinzi walitaka kuingia sita. Mheshimiwa Tondoo alitaka kuingia na Baba yeye mwenyewe, lakini haikupatikana nguo nyeupe ya kumtosha, na alipojaribu kibanda kitupu alikwama, akachomolewa na bendi ya polisi.

"Nitaingia na mama huyu," alisema Baba Kinara akimnyooshea Sikudhani kidole, akiwa tayari amevalishwa, macho tu nje. Bila nishani zake alionekana mfupi.

Mambo ya ndani yalikwenda vizuri: kile kidude cha kabatini kilikuwa tayari mezani, Sikudhani amekiweka mwenyewe. Kamera zilipiga kupitia kioo. Baba Kinara alibonyeza, kitaa kikawaka kijani, na nje watu wakalipuka kwa vigelegele. Mheshimiwa Tondoo alionekana akilia na kukumbatiana na shemeji yake. Baba Kinara akasogelea kipaza sauti.

"Mimi huwa sirudishi neno langu," alisema. "Mwalimu Kaniki aachiwe sasa hivi, kabla jua halijazama."

Sikudhani alishika ukingo wa meza. Yamekwisha, alijiambia, Mungu anisamehe, yamekwisha.

"Na tena," Baba Kinara aliendelea, "kwa kuwa sasa tunazo zetu, kuanzia mwezi ujao chipu za kigeni ni marufuku. Tutaanza na hospitali. Zile mashine za kuwapumulia watoto njiti, zote zitafungwa chipu ya Tutafika."

Nje walishangilia zaidi. Sikudhani aliziona zile chipu zilizokufa, visahani juu ya visahani, na aliwaona watoto.

Wakaingia kijichumba cha upepo kutoka. Mlango wa nyuma ulijifunga, feni zikaanza kuvuma. Walisimama wameelekeana, karibu kugusana, nguo zikiwapepea. Baba Kinara alitazama mlango mmoja, akatazama wa pili. Kisha akamtazama mwanamke huyu, na jambo fulani la zamani likapita machoni mwake.

"Kumbe unanisindikiza," alisema.

Sikudhani alijibana ukutani ampishe.

"Tangu nishike nchi sijasindikizwa na mtu. Marehemu mama alikuwa ananifikisha mpaka darajani." Sauti yake ilikuwa ya mtu yeyote wa kijijini. "Basi. Tumefika njia panda, au siyo? Sema, binti."

Sikudhani alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Feni zilikuwa zinavuma, zisingechukua muda, na mzee wake alikuwa tayari anafunguliwa malango. Alikohoa kidogo.

"Baba, hatuna chipu hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Na hiyo iliyowaka?"

"Ya gari la kuchezea la mjukuu wa Mheshimiwa Tondoo. Zetu ukizifunga hospitali, watoto watakufa siku hiyo hiyo. Baruti inatikisa mashine, umeme unakatika, maji ni machafu, na watu wanaogopa kusema walipokosea. Aliyewafundisha kusema umemfunga."

Upepo ulivuma. Mtu mkubwa yule alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na hawa wote nje wanajua?"

"Wote, Baba."

"Na lile bwawa la kusini? Na reli?"

"Hayo siyajui, Baba. Utasindikizwa na wenyewe."

Baba Kinara alitazama tena mlango wa mbele. Akamsogelea zaidi, akanong'ona haraka haraka kama mtu anayekimbizana na saa. "Na wananchi, binti, hivi wananchi mimi wana..."

Feni zikazimika. Mlango wa mbele ukafunguka, na bendi tatu zikapiga wimbo wa taifa usoni mwake.

Nilisema habari ni njema, na kwa kweli ni njema. Mwalimu Kaniki aliachiwa kabla jua halijazama, kwa kuwa neno la Taa Isiyozimika halirudi nyuma. Habari ya chipu za hospitali haikutajwa tena. Msemaji wa Ikulu alieleza kuwa chipu zinaachwa kwanza zikomae. Mheshimiwa Tondoo alivishwa Nishani ya Punje. Kesho yake ilitoka amri kwamba vijichumba vyote vyenye milango miwili ni hatari kwa usalama wa taifa, na milango ya kiwanda cha chipu ikang'olewa siku hiyo hiyo, yote, mpaka ya stoo. Siku hizi Chumba Safi kiko wazi kwa wananchi. Wanafunzi hupelekwa kutembea humo na viatu vyao, na kuku wa machimboni hutagia chini ya mashine ya mwanga, mahali penye joto zuri.

Mhandisi Sikudhani alipatikana na hatia ya kumsindikiza Kiongozi wa Nchi bila kibali.

Jumapili ya kwanza Mwalimu alikuja kumwona. Alikuwa amekonda lakini amenyoa, na kile kikohozi alikuja nacho. Wakasalimiana kupitia waya.

"Habari za humu, mwanangu?"

"Njema, Mwalimu. Njema kabisa."

Wakazungumza mvua. Wakazungumza ndoa ya jirani. Saa ya kuaga ilipofika Sikudhani aliinuka, na askari, yule yule wa siku ile, akaona kuna kitu cha kutazama angani, akageuka. Wakatembea sambamba, mwanamke ndani na mzee nje, polepole, kila mmoja akipitisha vidole kwenye waya, mpaka uzio ulipogonga ukuta. Njia ikaishia hapo.

Sikudhani alikohoa kidogo. Alikuwa ameibeba habari hii ya pili siku zote zile na sasa ilimtoka na machozi.

"Mwalimu, nisamehe. Ile chipu iliyokutoa haikuwa yetu."

Mzee aliingiza vidole kwenye waya akamshika vyake.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Tuliiona humu humu, kwenye televisheni ya gereza. Ilikuwa inafanya kazi."